Fedha za mfadhili: maonyesho au ghala la baridi?

Ndugu, umeuliza kama fedha za mfadhili wenu ziwapeleke wakulima wa tende wa Yeriko, Palestina, kwenye maonyesho ya Ulaya au zinunue vifaa. Mimi ningeanza na ghala la baridi na meza za kuchambulia. Medjool, aina ya tende kubwa na laini, huvunwa kuanzia Septemba hivi; asiye na pa kuhifadhia huuza harakaharaka kwa bei ya dalali, hata kama Ramadhani bado iko mbali. Na mnunuzi akifungua katoni akakuta ganda limeachana na nyama, anashusha daraja papo hapo.

Ushuru si tatizo kubwa: tangu 2012 mazao mengi ya shamba ya Wapalestina huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru. Lipieni cheti cha GlobalGAP (kiwango cha kimataifa cha kilimo bora) na vipimo vya mabaki ya dawa za kuulia wadudu.

Mtihani ni njia. Mipaka inashikwa na Israeli. Mzigo hushushwa lori moja, hukaguliwa, hupakiwa jingine. Hilo halitibiwi na semina (na semina mnazipenda!), kwa hiyo bajetini wekeni gharama ya kusubiri kabla hamjamwahidi mnunuzi tarehe. Maonyesho wapelekeni wawili watatu wenye mzigo tayari.