Kabla ya Kumwambia Fundi Kwamba Injini Inagonga

Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 1997, yenye injini ya 5A, na kila mwisho wa mwezi hunitoa Mtwara mjini hadi Masasi kwa wazazi, mwendo wa takriban kilomita 200 kupitia Mikindani, Mingoyo na Ndanda. Asubuhi moja nikiwa nyumbani Ligula niliwasha injini nikasikia mlio ambao jana yake haukuwepo: tk, tk, tk, mkavu na wa haraka, kama mtu anayegonga kigae kwa ukucha. Nilikwenda moja kwa moja gereji nikamwambia fundi, "Injini inagonga." Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hii inaelekea kunoki, yaani kufa kabisa. Tushushe injini tuangalie beringi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu kubwa, na ni usiku ule nilipotambua kwamba sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Kwa fundi, neno "inagonga" lina maana maalumu: beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), zimelika, na chuma kinapiga chuma kwenye kranki. Mimi nilikuwa nimemkabidhi hukumu badala ya maelezo. Zaidi ya hayo, gari lilifika kwake likiwa limekwisha kupata moto, na mlio wenyewe ulikuwa umefifia, kwa hiyo hakuwa na kitu kingine cha kutegemea ila neno langu. Tangu siku hiyo huwashauri wote wenye magari ya umri huu waende kwa fundi wakiwa na majibu ya maswali machache, na wasikubali injini ifunguliwe kabla ya majibu hayo kupatikana.

Swali la kwanza ni oili, na hili halingoji. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika chache, kisha chomoa kijiti cha kupimia, ukifute, ukirudishe na ukichomoe tena. Injini kuukuu hula oili kimyakimya, na oili ikipungua sana, tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu zifunguke, ndizo huanza kulalamika. Iwapo mlio umekuja pamoja na taa nyekundu ya oili, zima gari hapohapo, hata kama ni katikati ya njia na gereji iko karibu, na uvutwe. Mwendo mfupi sana bila oili unatosha kuziharibu beringi ambazo zilikuwa nzima.

Baada ya hapo, uliza mlio unatokea lini. Je, unasikika injini ikiwa baridi au ikiwa imepata moto? Je, gari likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta unaongezeka kasi, au unafuata mwendo wa magurudumu tu? Mlio unaofuata magurudumu hauhusu injini hata kidogo, na nimewaona watu wakilipia matengenezo ya injini kwa beringi ya tairi. Wangu ulifuata injini, ulikuwa mkali zaidi asubuhi, ukapungua baada ya dakika kumi hivi. Hilo lilinipa matumaini, kwa sababu mlio wa konrodi kwa kawaida huzidi oili inapopata moto na kuwa nyepesi. Haupungui kadiri injini inavyopata moto.

Zikabaki shuku mbili, tapeti iliyolegea au moshi unaovuja kwenye ekzosi, na hapa ndipo wengi hupotea. Shafti inayofungua valvu huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Injini ikitulia kwenye mizunguko 800 kwa dakika, tapeti moja iliyolegea hulia mara 400. Lakini silinda moja nayo huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo tundu dogo kwenye gasketi (kizibo cha katikati ya vyuma viwili) ya manifodi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, likiwa mbele ya silinda hiyo, hutoa mlio wa mara 400 vilevile. Sikio peke yake haliwezi kuhesabu tofauti.

Nilichofanya ni kukata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, urefu wa kama mita moja, na kushika bisibisi ndefu mkono wa pili. Bisibisi, ncha yake ikigusa chuma na mpini ukiwa sikioni, husikiliza milio iliyo ndani ya chuma. Mpira husikiliza hewa inayovuja. Kunja mikono ya shati, vua tai au mtandio, na ukae mbali na fenbelti pamoja na feni ya rejeta, ambayo huweza kuwaka yenyewe. Juu ya mfuniko wa valvu bisibisi ilinipa ule mlio wa kawaida, kama wa cherehani. Nilipopitisha ncha ya mpira pembezoni mwa manifodi, kwenye silinda ya nne nikasikia pumzi: pff, pff, pff, inapiga ngoma ya sikio. Baada ya injini kupoa nilifungua bati la kukinga joto, na pale gasketi ilipokutana na chuma palikuwa na mstari wa masizi meusi, umetawanyika kama wino uliopulizwa. Chuma kikipata moto hutanuka na kuuziba ufa; ndiyo maana mlio ulikuwa ukipotea.

Fundi yuleyule alipoona masizi alikubali mara moja, na kazi aliifanya vizuri. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula nati za manifodi, kwa hiyo tulizilowesha oili ya kulegeza kutu tangu jioni, maana stadi, yaani boliti inayofungwa nati hizo, ikikatikia kichwani mwa injini, kazi ndogo hugeuka kubwa. Kabla ya kufunga gasketi mpya aliweka rula ya chuma juu ya uso wa manifodi kuhakikisha haujapinda.

Mvujo huu haupaswi kuachwa kwa kuwa tu haui injini. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na unaweza kuingia ndani ya gari kupitia matundu ya hewa.

Ikiwa mlio wako ni mzito, wa chini, na unazidi ukibebesha injini mzigo, mwombe fundi akate umeme wa plagi moja baada ya nyingine, kwa muda mfupi tu na kwa koleo lenye mpira. Mlio ukipungua sana silinda fulani inapozimwa, konrodi ya silinda hiyo ndiyo ya kushukiwa, na hapo kushusha injini ni haki yake. Ule mlio mwembamba kama wa kokoto, unaosikika unapopanda mlima wa Newala ukitokea Masasi, ni jambo jingine: mafuta yanalipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio, na huanzia kwenye ubora wa petroli, taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) au masizi ndani ya silinda.

Nati za manifodi yangu tulizikaza tena baada ya wiki moja ya kutembea, injini ikiwa baridi, na mbili kati yake zilikubali kuzunguka robo nzima.