Rosa ndiye aliyeanguka

Dada, umeuliza kwa nini waovu wa riwaya zetu za zamani hatuwaoni wakiharibika. Sisi wa Tanga tunampenda sana Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, lakini katika Adili na Nduguze, Hasidi na Mwivu, wale ndugu wawili wa Adili, wanaingia hadithini wameshaoza. Siku wivu ulipowaingia moyoni hatuioni. Ukitaka kumwona mtu akianguka hatua kwa hatua, soma Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Rosa anaanza msichana safi, mwoga kabisa. Baba yake, Zakaria, anampiga kwa ajili ya barua ya mvulana, kisha binti anakwenda bweni hajafunzwa lolote kuhusu wanaume. Mimi namlaumu Zakaria kuliko Rosa, na nasema hivyo nikiwa mzazi wa mabinti.