Boti imekaa kwenye boya miaka mitatu: nianze na nini kabla ya kwenda Pemba?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi na mke wangu tunaishi ndani ya boti ya matanga ya futi 36, ya faiba, kwenye hori la Kilifi. Huu ni mwaka wa tatu haijatoka kwenye boya. Injini ni dizeli ya silinda tatu. Naiwasha kila Jumapili dakika kumi na inaitika vizuri. Kaskazi ijayo tunataka kushuka hadi Pemba na Unguja. Orodha yangu ni ndefu: matanga mapya, sola, redio. Nianze na nini? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Matanga mapya yatangoja. Anza na tangi la dizeli.

Dizeli iliyolala hukusanya maji. Tangi likiwa nusu, hewa ya pwani huingia na unyevu wake kupitia bomba la kupumulia, na usiku unyevu huo hugeuka matone yanayoteremka hadi chini. Hapo maji na dizeli vinapokutana, huota kuvu na vijidudu vinavyoacha utelezi mweusi. Ukiwa umetulia kwenye boya huoni dalili, kwa kuwa uchafu umelala chini na mrija wa kunyonya uko juu yake. Siku utakapotoka mlango wa mwamba, mawimbi yatalitikisa tangi, uchafu utapanda, filta itaziba na injini itazima pale pale unapoihitaji zaidi. Mimi yamenifika nikiwa na boti ya mteja, mwamba ukiwa umbali wa kurusha jiwe. Kilichotuokoa ni nanga iliyokuwa tayari omo, yaani mbele ya boti, tuliiachia ikashika.

Jipime hivi: ingiza mpira mwembamba hadi sakafu ya tangi, vuta lita moja kwa pampu ya mkono, tia kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa na uiache ilale. Asubuhi ishike kwenye mwanga. Dizeli safi inapitisha mwanga kama chai ya rangi. Ukiona maji chini na utando mweusi katikati, unaoning'inia kama utumbo wa pweza ukiinamisha chupa, basi tangi lifunguliwe, dizeli itolewe yote na tangi lisuguliwe kwa mkono. Usimwage mafuta mapya juu ya ya zamani. Kisha funga filta yenye kikombe cha kuonea maji, beba filta za akiba zisizopungua sita, na wewe na mkeo mjifunze kutoa hewa inayoingia kwenye mfumo wa mafuta filta inapobadilishwa. Fanyeni hivyo hapo bandarini, mara tatu, mpaka mikono izoee.

Zile dakika kumi za Jumapili ziache. Injini haipati moto wa kutosha, na masizi yanajijenga ndani. Ni bora kuiwasha mara chache, saa nzima, gia ikiwa imeingia na boti imefungwa imara. Wakati huo angalia ekzosti: maji yateme kwa nguvu. Kama yanachechemea, fungua pampu ya maji ya bahari utazame impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji. Mapezi ya mpira yaliyokaa miaka mitatu yamejikunja upande mmoja, na likikatika moja, tafuta kipande chake kwenye mabomba kabla hakijaziba njia ya maji.

Chini ya boti, miaka mitatu ya maji ya Kilifi imeshaotesha chaza kwenye propela na kwenye tundu la kuvutia maji. Ipandishwe nchi kavu, ikwanguliwe, ipakwe rangi ya kuzuia mwani na ibadilishwe zinki, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya propela. Ikiwa juu, zungusha kila koki ya chini ya maji, ya kufungia tundu la boti. Iliyogoma ibadilishwe, na kando ya kila moja funga kwa kamba kizibo cha mti laini, cha kuziba tundu koki ikivunjika. Waya za mlingoti zikague kwenye ncha zake. Uzi mmoja uliokatika unatosha kuihukumu waya nzima.

Tena kuna jambo ambalo wengi huliona wakiwa tayari baharini: boti yenu imeshakuwa nyumba. Sufuria, mtungi wa gesi, vitabu, betri, vyote vifikirie boti ikiwa imelala upande, kisha vifungeni. Betri iliyong'oka ni hatari kuliko upepo.

Kisha jaribuni. Tokeni asubuhi moja nje ya mwamba, mrudi jioni, mtengeneze kilichovunjika. Safari ya pili iwe ya kulala Mtwapa. Ndipo mshuke Mombasa mkakamilishe karatasi za forodha na uhamiaji, kwa maana Pemba ni nchi nyingine.

Kuhusu majira, Januari na Februari ndiyo miezi yenu. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, lakini wakati wa kaskazi hupungua nguvu, na upepo unawasukuma. Miamba ipiteni jua likiwa juu na nyuma yenu. Kurudi, ngojeni kusi ianze kuvuma, ila zile siku za mvua nzito za masika zipite mkiwa mmetia nanga, na mnyororo wenu uwe angalau mara tano ya kina cha maji ya kujaa.

Hiyo chupa ya dizeli ivute leo, kabla hujanunua chochote, kisha uniandikie asubuhi umeona nini.