Biashara Isiyo na Duka Nayo Ina Nafasi Kwenye Ramani: Ushauri kwa Mnaoanza Kazi Hii Nakuru

Ukianza kazi ya kuweka biashara za watu kwenye ramani ya Google (Google Maps) hapa Nakuru, wanaokuja kukutafuta mara nyingi si wenye maduka. Mwenye duka Kenyatta Avenue ana kibao, ana mlango, na wapita njia wanamwona kila siku. Anayekuja kwako ni fundi wa mabomba wa Lanet ambaye vifaa vyake vyote viko ndani ya begi, mama anayeoka keki jikoni kwake Kiamunyi, kijana anayeosha makochi na kubeba mashine yake kwa boda boda, au mtu wa kupuliza dawa ya kunguni. Wote wanauliza jambo moja: ofisi sina, nitaonekanaje?

Ninachokuomba ushike tangu mwanzo ni hiki: usimtafutie mtu ofisi asiyokuwa nayo. Google imeweka njia halali kwa biashara zinazomfuata mteja kwake, kupitia wasifu wa biashara (Google Business Profile), yaani ukurasa wa biashara unaoonekana kwenye ramani, na njia hiyo inatosha. Unaficha nyumba ya mwenye biashara, unaianika kazi yake, na mteja anaiona kazi kabla hajauliza mlango uko wapi.

Mahitaji yapo. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na mitaa ya pembeni imejaa wapangaji waliotoka kwingine. Mtu aliyehamia juzi hamjui fundi yeyote wa mtaa. Bomba likipasuka saa mbili usiku anatoa simu na kutafuta.

Kabla ya kufungua chochote, mhoji mteja wako. Sharti la Google ni kwamba biashara ikutane na wateja ana kwa ana katika saa ilizotangaza: ama wateja wanaijia, ama mwenye biashara anawaendea. Fundi wa umeme anafaa. Mama wa keki anayepeleka keki mwenyewe hadi mlangoni anafaa. Lakini anayeuza nguo kupitia WhatsApp na kuzituma kwa matatu kama kifurushi, bila kukutana na mnunuzi hata mara moja, hafai, na umwambie hivyo mapema kabla hajakulipa. Mwambie ajijenge kwenye Facebook, Instagram au tovuti yake, huko hakuna sharti hilo. Kijana anayeanza huogopa kumpoteza mteja kwa kumwambia hapana. Nakuhakikishia mteja uliyemwambia ukweli hurudi na binamu yake mwenye biashara inayofaa.

Sasa tuje kwenye kishawishi kikubwa. Utasikia: “Rafiki yangu ana duka la simu karibu na stendi, weka alama pale.” Au: “Tumia sanduku letu la posta.” Sanduku la posta halikubaliki kabisa kuwa anwani ya biashara kwenye ramani, hata kama ndiyo anwani pekee ambayo familia imewahi kuandika kwenye barua zote, ile ya S.L.P. na 20100 mwishoni. Ofisi ya kukodi kwa jina tu, isiyo na mfanyakazi wa biashara hiyo katika saa za kazi, nayo haikubaliki. Na duka la rafiki litakuumbua kwa njia nyingi. Mtu atafunga safari kutoka Njoro akitafuta mtengeneza friji, akute vioo vya simu, arudi nyumbani akiwa amekasirika na kuacha nyota moja. Mtumiaji yeyote wa ramani anaweza kupendekeza marekebisho au kuripoti kwamba biashara haipo hapo. Ripoti za namna hiyo hupeleka wasifu kusimamishwa, na ukisimamishwa mwenye hasara ni yule fundi, simu yake inanyamaza wiki nzima.

Kwa hiyo, unapofungua wasifu wa biashara na kuulizwa kama kuna mahali wateja wanaweza kufika, jibu hapana. Utaombwa kutaja maeneo ya huduma. Ukiombwa anwani kwa ajili ya uthibitisho, yaani Google ihakikishe biashara ipo kweli, andika ya kweli, pale anapolala au anapoweka vifaa, kisha hakikisha haionyeshwi hadharani. Hili la kuificha lifuatilie wewe mwenyewe: fungua ramani kwa simu nyingine isiyo na akaunti hiyo, utafute biashara, uone kama lile lango la nyumbani limefichika kweli. Wanawake wengi wanaofanya kazi nyumbani wanaishi peke yao na watoto. Usimweke mama wa watu kwenye hali ya kubishiwa hodi na mgeni saa nne usiku kwa sababu hukuhakiki.

Maeneo ya huduma yana hesabu yake. Unaruhusiwa kuweka hadi 20, na Google inashauri mipaka yote isizidi mwendo wa gari wa kama saa 2 kutoka mahali biashara ilipo. Zamani uliweza kuchora duara la kilomita kadhaa; siku hizi unataja miji, kata au mitaa. Kutoka Nakuru, Njoro, Molo, Rongai, Bahati, Gilgil na Naivasha zinaingia vizuri. Nairobi, kilomita kama 160, iache. Fundi atakwambia, “Nikiitwa Nairobi nitaenda,” na ni kweli ataenda, lakini mwulize mara ya mwisho aliitwa lini.

Hapa kuna jambo la Nakuru ambalo mtu wa mbali hawezi kukufundisha. Majina ya mitaa yetu yanagongana na ya kwingine. Andika London bila kuangalia na orodha itakuletea mji mkuu wa Uingereza kabla ya kata yetu ya London. Milimani ipo hapa, ipo Kisumu, ipo Kakamega, ipo Nairobi. Pipeline ya hapa ina mwenzake Embakasi. Soma jina la kaunti linaloandikwa pembeni ya kila pendekezo kabla ya kugusa. Na mtaa usipotokea kwenye orodha, usilazimishe jina linalofanana nalo. Weka kata au mji unaouzunguka, halafu utaje mtaa wenyewe kwa maneno kwenye maelezo ya biashara, ambayo yana nafasi ya herufi 750.

Kuna kitu ambacho wateja hawapendi kukisikia, ila ni lazima ukiseme: kutaja eneo hakumfanyi mtu aonekane huko. Google yenyewe inataja mambo matatu yanayopanga matokeo: ulinganifu wa biashara na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Umbali hupimwa hata kama anwani imefichwa. Katika kazi hii nimeona fundi aliyethibitishwa kwa anwani ya Lanet akiongoza Lanet na Free Area, lakini akishuka sana mtu akitafuta akiwa Kiamunyi, ng’ambo ya pili ya mji, ingawa Kiamunyi imo kwenye orodha yake. Maeneo unayoyataja ni taarifa kwa mteja kwamba utamfikia. Kinachoweza kukupeleka mbali zaidi ya mtaa wako ni umaarufu, na umaarufu unajengwa na watu waliohudumiwa.

Jina liwe lile lile la cheti cha usajili, la kibali cha biashara cha kaunti, na linalojitokeza mteja akilipa kwa Lipa na M-Pesa. Usiongeze “bora”, “nafuu” wala “Nakuru nzima saa 24” kama hayamo kwenye jina. Ni kinyume cha kanuni, na washindani huripoti. Maneno ya kutafutwa yana mahali pake: aina ya biashara, ambayo unachagua moja kuu na kuongeza nyingine hadi 9, na orodha ya huduma. Chukua muda kwenye ile aina kuu. Mtu wa kuosha makochi akiwekwa chini ya usafi wa jumla atashindania kazi za ofisi asizozitaka. Kwenye orodha ya huduma andika kama watu wanavyotafuta, Kiingereza na Kiswahili pia, maana mtu mmoja hutafuta kwa lugha zote mbili kutegemea na haraka aliyonayo.

Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni video, na njia huchaguliwa na Google, si wewe. Video hurekodiwa papo hapo kwa simu kupitia wasifu wenyewe, bila kukatwa, angalau sekunde 30, na haionyeshwi kwa umma. Inatakiwa ionyeshe mambo matatu: mahali ulipo, vifaa vya kazi, na kwamba wewe ndiye msimamizi. Kwa mwenye duka ni rahisi, anafungua kufuli. Kwa fundi asiye na duka, mpangie safari fupi. Aanze barabarani penye kitu kinachojulikana, kibao cha shule au cha kanisa au jina la barabara, aingie anakoweka vifaa, afungue sanduku aonyeshe bisibisi, mashine ya kutoboa, mabomba, akiwashe kimoja kama kinawaka, kisha aonyeshe kibali cha kaunti au cheti chenye jina la biashara. Asionyeshe nyuso za watu, wala nambari ya kitambulisho, wala ujumbe wa benki. Mfanye arudie bila kurekodi kwanza. Wengi hukwama kwa sababu intaneti inakatika katikati ya kupakia, basi nendeni mahali mtandao una nguvu, mradi ndipo vifaa vilipo. Majibu yanaweza kuchukua hadi siku 5 za kazi. Mwambie mteja hivyo ili asikupigie kila asubuhi.

Baada ya hapo ndipo kazi hasa inaanza, nayo ni maoni ya wateja. Naliweka hili mbele ya picha, mbele ya tovuti, mbele ya kila kitu. Mwenye duka hata asipokuwa na maoni, mtu anaweza kupita akachungulia. Asiye na duka hana cha kuchunguliwa, kwa hiyo maneno ya waliomwita ndiyo dhamana yake. Tatizo letu ni kwamba mteja wa Nakuru aliyefurahi humsifu fundi kwa ujumbe wa WhatsApp, wenye emoji za mikono ya shukrani, na sifa zile zinabaki kwenye simu ya fundi. Mfundishe fundi kutuma kiungo cha maoni cha wasifu wake siku hiyo hiyo, kabla hajapanda boda boda ya kurudi, kwa maneno ya heshima: “Asante mama kwa kuniamini. Ukipata dakika moja, nisaidie kuandika ulivyoiona kazi hapa.” Usimwandikie mteja maneno. Lakini akitaja mwenyewe kazi iliyofanywa na mtaa alioko ni heri, kwa sababu maoni yanayosema “alinirekebishia tangi Section 58, akasafisha alipochafua” yana thamani kubwa kwa jirani anayesoma.

Usinunue maoni. Usimpe mtu punguzo la bei ili aandike, hilo nalo limekatazwa. Usiwakusanye shemeji na mashangazi waandike jioni moja. Maoni manne ya kweli yaliyokuja polepole yanasaidia zaidi ya lundo lililotokea siku moja kisha kimya, na lundo hilo linaweza kuondolewa lote. Maoni mabaya yakija, ajibu mwenyewe, kwa upole, kwa lugha aliyoitumia mteja, aseme atafanya nini. Anayesoma anamtazama anayejibu.

Picha ziwe za kazi: kochi kabla na baada, waya zilizopangwa, keki iliyowekwa mezani kwa mteja. Aombe ruhusa kwanza, kwa sababu ni nyumba ya mtu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lango lenye nambari na sura za watoto zisionekane.

Kuhusu umiliki, nisikilizeni vizuri vijana. Wasifu ufunguliwe kwa akaunti ya mwenye biashara, yeye awe mmiliki mkuu, wewe uongezwe kuwa msimamizi. Wapo wanaofungua kila kitu kwa baruapepe yao kisha mteja akitaka kuondoka wanamdai pesa ili wamrudishie. Nimekutana na mafundi waliopoteza maoni ya miaka kwa namna hii, wakaanza upya kama wageni. Nambari ya simu nayo iwe ya mwenye biashara, si ya msaidizi atakayehama. Na mwambie wazi: wasifu ni bure. Akipigiwa simu na mtu anayesema ni wa Google na anataka malipo ili asifutwe, akate.

Bing na Apple nazo zina orodha zao. Zijaze mara moja kwa jina na nambari ile ile, usiwekeze siku nyingi huko. Kama kuna fedha kidogo, tovuti ndogo ya mwenyewe ni bora, yenye kurasa chache zinazoeleza kazi halisi zilizofanyika mtaa fulani. Zile tovuti za bure zilizokuwa zikitengenezwa ndani ya wasifu zilifungwa Machi 2024, na waliozitegemea walibaki bila ukurasa.

Wasifu ukisimamishwa, usifungue mwingine. Tafuta kosa kwanza, jina au anwani, ulirekebishe, ndipo ukate rufaa. Ukishaianza rufaa, fomu ya vielelezo huwa wazi kwa dakika 60 tu, kwa hiyo cheti cha usajili, kibali cha kaunti na bili yenye jina viwe vimeshapigwa picha na viko tayari kwenye simu kabla hujabonyeza.

Na wapangaji huhama. Fundi akitoka Lanet kwenda Njoro, anwani iliyofichwa nayo ibadilishwe, kwa sababu umbali utaanza kupimwa kutoka Njoro na huenda akaombwa video tena. Mwulize mteja wako kila baada ya miezi kadhaa kama bado yuko pale pale. Akisema anahama, ahamishe wasifu katika mwezi wenye kazi chache. Kama ni mama wa keki, basi isiwe Desemba.