Soksi za nani? Ushauri kwa anayeanza kufuma

Kila ninapotoa uzi na sindano barazani hapa Tanga, hakosekani mtu wa kuuliza: soksi za nini kwenye joto hili? Ana haki ya kuuliza. Kaskazi ikivuma Januari na Februari, hata shuka jepesi linakuwa mzigo, na wengi wetu tunashinda na kandambili kutoka asubuhi mpaka usiku. Lakini mkoa huuhuu una Lushoto, mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako Juni na Julai mtu analala na blanketi mbili na bado vidole vya miguu vinamganda. Kuna watoto wachanga, ambao kwetu hawatolewi nje bila kofia na soksi hata jua likiwa la utosi. Na kuna wazee wenye kisukari, ambao soksi ya dukani inawaachia alama ya mpira chini ya goti kama waliofungwa kamba. Watu wa kufumiwa wapo tele.

Naanza na hilo kwa makusudi, kwa sababu wengi wanaoanza ufumaji huanza na uzi. Wanaona rangi nzuri, wanainunua, halafu wanatafuta cha kufuma. Kwa kitambaa cha meza au shali si vibaya. Kwa soksi ni njia ya kujitafutia kero. Soksi inakaa kwenye mwili wa mtu mmoja, inakanyagwa, inavutwa, inalowa jasho. Usipojua ni ya nani, hutajua vitanzi vingapi uanzishe, mdomo uwe mkazo au mlegevu, wala kisigino kiwe kirefu kiasi gani. Mtafute mwenye mguu kwanza. Mpime jioni, maana miguu ya watu wengi huvimba kidogo kutwa nzima, na soksi iliyopimwa asubuhi inaweza kubana saa kumi na mbili.

Vipimo viwili vinatosha: mzingo wa mguu pale panapotuna chini ya vidole, na urefu kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Kisha fuma kipande cha majaribio kwa uzi na sindano zilezile utakazotumia, ukifue, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Najua hakuna anayependa kufuma kipande cha majaribio. Kifume tu. Chukua mguu wenye mzingo wa sentimita 22, na kipande chako kina vitanzi 28 kwa sentimita 10. Hapo unapata vitanzi 61 na ushee. Soksi lazima iwe ndogo kuliko mguu ili ishike, kwa hiyo punguza kama asilimia 10, ubaki na 55. Panda hadi 56, maana vinagawanyika kwa nne: vitanzi 14 kwenye kila sindano, sindano nne zinabeba kazi na ya tano inafuma. Kwa mzee ambaye miguu inamvimba, usipunguze hiyo asilimia 10 yote. Punguza kidogo sana, au acha kabisa.

Sindano nyembamba zenye ncha pande zote mbili hazipatikani kwa urahisi madukani kwetu. Zinazouzwa nyingi ni nene, za sweta, na zina kofia upande mmoja. Lakini huu ni mji wa baiskeli, na spoku ya baiskeli ya kawaida ina unene wa milimita 2, unene uleule wa sindano nyembamba ya soksi. Nenda kwa fundi baiskeli, mwombe spoku tano zilizonyooka, azikate kwa koleo kwenye urefu wa sentimita 20 hivi, halafu wewe uzisugue ncha kwa tupa na msasa mpaka ziwe butu na laini. Ncha kali itapasua uzi na kukutoboa kidole. Hewa yetu ya chumvi inaleta kutu pale spoku ilipokatwa, na kutu haitoki kwenye uzi mweupe, kwa hiyo ukimaliza kazi zifute, zipake mafuta kidogo, zifunge ndani ya kitambaa. Siku ya kufuma zifute tena. Nimekaa na akina mama waliojifunza kufuma kwa spoku tangu wasichana, na vitanzi vyao vimelala sawa kuliko vya wengi wenye sindano za kununua.

Uzi ndio mtihani. Dukani utapata zaidi akriliki. Kwa soksi za mtoto mchanga inafaa, inafulika na haina bei kubwa. Kwa mtu mzima anayetembea, akriliki hainyonyi jasho, mguu unabaki na unyevu. Pamba inanyonya jasho, ila haivutiki, na soksi yake inaanza kuporomoka kifundoni baada ya kuvaliwa mara chache. Kwa soksi ya baridi hakuna kinachoishinda sufu, na sufu nzuri ya Tanga iko kwenye mitumba. Tafuta sweta la sufu, soma lebo ya ndani. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mfupi, uchome kwa kiberiti mbali na kitu cha kushika moto: sufu hunuka nywele iliyoungua na majivu yake husagika kidoleni, akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu. Kisha ligeuze sweta uangalie mishono ya ubavuni. Kama kingo zimefumwa zenyewe na kuunganishwa, linafumuka uzi mrefu mpaka mwisho. Kama zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani, liache, utapata vipande vifupi vifupi vya kukutia ghadhabu. Uzi uliofumuliwa una mawimbi. Uzungushe kuwa kitita cha duara, uufue kwa maji yasiyo moto, uning'inize ukiwa na kitu kizito chini, ukikauka umenyooka. Na sufu ni chakula cha nondo. Ianike juani, kisha iweke kwenye mfuko uliofungwa vizuri.

Nije kwenye kisigino, ambacho ndicho kimenifanya nishindwe kuacha kazi hii.

Mpaka kufika kisigino umefuma bomba tu: mdomo wenye vitanzi viwili vya kawaida na viwili vya kinyume (vinavyofumwa uzi ukiwa mbele ya kazi) kwa kupokezana, ili uvutike, kisha mzunguko juu ya mzunguko. Bomba lolote linaweza kufumwa na mtu anayezungumza, anayechungulia sufuria, anayesubiri basi la Lushoto stendi. Kisigino kinataka utulie. Unachukua nusu ya vitanzi, 28 katika mfano wetu, unafuma mbele na nyuma mistari 28, kila mstari ukihamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma. Kinatokea kibapa kama ulimi. Halafu unakikunja. Fuma vitanzi 16, unganisha viwili kuwa kimoja, fuma kimoja, geuza kazi hata kama mstari haujaisha. Hamisha kimoja, fuma kinyume vitano, unganisha viwili, fuma kimoja, geuza. Kila mstari unasogea kitanzi kimoja mbele zaidi na kulimeza lile pengo uliloacha. Vikibaki 16, kipande kilichokuwa bapa mkononi mwako kimekuwa kikombe. Hujakata kitu, hujashona kitu. Unaokota vitanzi 14 kila ubavu wa kibapa, unaungana tena na vile 28 vilivyokuwa vinasubiri upande wa juu ya mguu, jumla 72, unapunguza viwili kila mzunguko wa pili mpaka urudi 56. Mguu una pembe, na soksi yako sasa ina pembe ileile.

Furaha ya pale inapojikunja haijanipungukia. Kama unaanza, fika mpaka kisigino kabla hujaamua kwamba kufuma soksi si kwako. Wengi wanaoacha huachia kwenye bomba, sehemu ya kuchosha kuliko zote, na hawajaonja kilicho kitamu.

Kero zipo, na zingine hazina dawa. Joto ni mojawapo. Kiganja kikitoa jasho, uzi unanata kwenye sindano na vitanzi vinakaza. Mimi hufuma baada ya swala ya alfajiri au usiku upepo ukirudi, na miezi ya kusi ndiyo ninayoitumia kwa kazi kubwa. Kitanzi kikiponyoka, usivute kazi wala usiitupe. Kidake kwa sindano ndogo ya kroshia, ile yenye ndoano, ukipandishe mstari kwa mstari kama mtu anayepanda ngazi. Uzi wa mtumba ukiisha kabla ya soksi ya pili, hakuna duka litakalokupa rangi ileile. Kwa hiyo gawa uzi kwenye mizani sehemu mbili sawa kabla hujaanzisha kitanzi cha kwanza. Hili lifanye hata ukiona uzi ni mwingi.

Halafu kuna soksi ya pili yenyewe. Ya kwanza ilikuwa safari, ya pili ni kurudia njia uliyoijua, na ndiyo maana makapu ya wafumaji wengi yana soksi mojamoja. Dawa yangu ni moja: siku ninayomaliza ya kwanza, kabla sijainuka kitini, naanzisha vitanzi vya pili na kufuma mdomo wake angalau vidole viwili. Kilichokwisha kuanza kinanivuta kesho yake. Wako wanaofuma zote mbili kwa pamoja, kisigino kwa kisigino, na seti mbili za sindano; kwa spoku hilo ni rahisi, kwani seti ya pili ni safari nyingine tu kwa fundi baiskeli.

Kero inayoumiza zaidi ni ya bei. Mtu atashika kazi yako, aisifu, kisha aseme sokoni jozi tatu zinauzwa kwa fedha ya chai na vitumbua. Ni kweli zinauzwa. William Lee wa Uingereza alitengeneza mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, na leo mkono hauwezi kushindana na mashine kwa bei. Ushauri wangu ni usijaribu. Ukitaka biashara, fuma vitu vya watoto wachanga, ambavyo watu hununua kwa ajili ya zawadi ya arobaini na hawabishani sana. Soksi za watu wazima fumia watu wako.

Na watu wako wana miguu ambayo mashine haiijui. Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia nyayoni. Mshono mnene juu ya vidole unamchubua na yeye hana habari, na kidonda kidogo kwake ni jambo kubwa. Madaktari huwashauri wavae soksi zisizobana na zisizo na mishono ya kuchubua. Sisi tunaofuma tunaweza kumpa hiyo. Ukibakiza sentimita 5 hivi kufika ncha, anza kupunguza vitanzi vinne kila mzunguko wa pili, vikifika 28 punguza kila mzunguko, na vikibaki 16, nane juu na nane chini, viunganishe kwa sindano butu ya kushonea ukifuata njia ya kitanzi chenyewe, ili muunganiko uwe mstari kama mistari mingine. Pitisha kidole ndani. Usipouona kwa kidole, umepata. Usifunge fundo popote chini ya wayo, na chagua rangi nyeupe au hafifu, ili damu au usaha ukitokea uonekane mapema.

Kwa mtoto mchanga tahadhari ni nyingine: uzi wowote unaoning'inia ndani unaweza kumzunguka kidole na kukikaba. Geuza soksi nje ndani, zifiche ncha zote, zikate fupi. Na wewe mwanafunzi usianze na soksi ya mchanga kwa kudhani ni ndogo kwa hiyo ni rahisi. Vitanzi vichache kwenye sindano tano vinasumbua mikono migeni. Anza na mguu wa mtoto wa miaka sita.

Wanaosema soksi na kandambili haviendi pamoja, niwaambie kuwa kwenye makumbusho ya Victoria and Albert kule London kuna soksi za sufu kutoka Misri zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Zilifumwa kwa sindano moja, kwa ufundi tofauti na huu wetu, na zimegawanyika mbele, kidole gumba peke yake, ili zivaliwe na ndara. Nimezifuma hivyo kwa shangazi yangu wa Lushoto. Ukifika kwenye vidole, gawa vitanzi, robo hivi upande wa gumba, ongeza viwili au vitatu pale katikati, ufume kila sehemu peke yake. Anavaa na kandambili asubuhi akienda kukamua ng'ombe, na mwaka huu ameagiza za majirani wawili.

Ukishampa mtu soksi za sufu, mwambie azifue mwenyewe kwa mikono, maji ya baridi, asisugue wala asikamue kwa kupinda. Maji ya moto yanaigandisha sufu, na soksi ya mtu mzima inarudi saizi ya mtoto. Weka kando kipande cha uzi uliobaki, ukiandikie jina lake. Kisigino kitakonda kabla ya sehemu nyingine zote. Akikuletea kikiwa chembamba na hakijatoboka, kazi ni nyepesi: ingiza kikombe cha chai ndani, pitisha uzi juu ya vitanzi vilivyokonda ukivifuata vilivyo, mstari hadi mstari, ukianzia kwenye sehemu nzima na kuishia kwenye sehemu nzima.