Nyungunyungu 10 na boksi la viatu

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la nne, huku Rungwe, makazi ya viumbe hai niliyafundisha kwa chaki. Nilichora, wakanakili, wakakariri kwamba nyungunyungu huishi kwenye udongo wenye unyevu. Nilipouliza kwa nini, darasa zima kimya. Na hawa ni watoto wanaofukua nyungunyungu chini ya migomba kila Jumamosi, wapate chambo!

Siku hizi naanza na boksi la viatu. Upande mmoja udongo mbichi, upande wa pili mkavu, nyungunyungu 10 katikati. (Kwa sisi wa Tukuyu kazi ni kuupata huo udongo mkavu. Mvua haituachii, wangu niliukausha juu ya bati, kando ya jiko.) Kabla ya kufunua, kila mtoto anaandika ubashiri wake na sababu yake. Hapo usiwe na huruma: asiyeandika haji kutazama. Akishaandika ana lake mle ndani, na atalitetea kama shabiki wa mpira.

Mara ya kwanza, baada ya dakika 15, wote 10 walikuwa kwenye unyevu. Nikafurahi. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Madam, mbona upande mkavu ndio unapigwa na jua? Labda wamekimbia jua."

Kweli, boksi nililiweka dirishani. Nilikuwa nimetofautisha vitu viwili kwa mpigo, unyevu na mwanga, kwa hiyo hatukuweza kujua kipi kimewahamisha. Niliona aibu kidogo, halafu nikang'amua kwamba somo lenyewe ndilo hilo. Tukarudia, safari hii boksi limefunikwa. Tisa wakaenda kwenye unyevu, mmoja akabaki katikati, naye tukamwandika. Usimfute ili jibu lipendeze.

Baada ya hapo tu ndipo nilipowaambia kwamba nyungunyungu hana mapafu, anapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka anakufa. Darasa langu ni kubwa, hivyo nagawa watoto sita kwa boksi. Wakimaliza, wanyama wanarudi bustanini, mikono inanawishwa.

Siku hiyo niliongezea habari ya chura wa Kihansi, kule milima ya Udzungwa. Yule anazaa watoto badala ya kutaga mayai, na hakuishi kwingine ila kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, eneo la hekta chache tu. Maji yalipochepushwa kwenda kuzalisha umeme, manyunyu yakapungua, ugonjwa nao ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wakilelewa kwenye bustani za wanyama Marekani.

Yule binti wa nyuma akanyoosha mkono tena. "Madam, kwani waliochepusha maji hawakubashiri kwanza?"

Swali hilo nililiandika kwenye kona ya ubao, ambako huwa naweka yale yaliyonishinda.