Maswali na Majibu: Mwati wa Dhahabu wa Australia

Maswali ya safari hii yanahusu mwati wa dhahabu, mti wenye jina la kitaalamu Acacia pycnantha, ambao asili yake ni kusini mashariki mwa Australia, na ambao mwaka 1988 ulitangazwa rasmi kuwa ua la taifa la nchi hiyo.

Nimeambiwa mwati huu hauna majani. Mbona mimi nayaona?

Unayoyaona ni vikonyo vilivyobapaa na kuchukua kazi ya majani. Mche unapoota hutoa kwanza majani halisi yaliyochanika mithili ya unyoya, kisha vikonyo vyake huanza kupanuka huku majani yenyewe yakipungua hadi kutoweka. Ukiuchunguza mche mchanga, huenda ukakuta hali zote mbili mahali pamoja: kikonyo kipana chenye umbo la mundu, na kwenye ncha yake kishungi cha vijani vidogo, kana kwamba kimesahauliwa pale. Vikonyo hivyo ni vigumu na huhimili ukame. Karibu na shina la kila kimoja kuna tezi inayotoa nekta (majimaji matamu), ambayo maua yenyewe hayana. Ndege wanaoifuata hujisugua kwenye maua na kubeba chavua hadi mti mwingine.

Nimepanda mbegu mara mbili na hazikuota. Je, zilikuwa mbovu?

Yaelekea ni nzima. Ganda la mbegu ya mwati ni gumu kiasi kwamba maji hayapenyi, na porini inaweza kukaa ardhini miaka mingi ikisubiri joto la moto wa nyika. Mimina maji yaliyotoka kuchemka juu ya mbegu zilizo bakulini (usizichemshe jikoni), uziache humo hadi kesho yake, kisha upande zile zilizovimba. Zilizobaki ndogo na ngumu zirudie kwa njia ileile. Zifukie kwa kina cha takriban sentimita 1 katika udongo usiotuamisha maji, na uhamishe miche ingali midogo, kwa sababu mizizi yake haipendi kusumbuliwa.

Una matumizi gani zaidi ya kupamba bustani?

Gome lake lina tanini nyingi sana, na zamani lilibanduliwa kwa wingi kwa ajili ya kusindikia ngozi za wanyama. Wenyeji asilia wa Australia walikula utomvu wake. Hata jina la Kiingereza, wattle, lilitokana na fito ambazo walowezi walizisuka na kuzikandika udongo kujengea vibanda, na ndilo lililotuletea neno mwati. Kuhusu kula mbegu, zipo aina za jamii hii zinazosagwa unga, lakini si zote zilizo salama. Asiyeweza kuzitofautisha kwa uhakika asijaribu.

Chavua yake ndiyo inayonipigisha chafya?

Mara nyingi hulaumiwa bure. Chavua ya mwati ni nzito, nayo hushikamana katika vifungu, kwa hiyo haisafiri mbali kwa upepo. Nyasi zinazochanua majira hayohayo ndizo za kushukiwa kwanza.

Mwati wangu una miaka 20 na matawi yanakauka. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea popote, kwa kuwa miti hii huishi miaka michache, na yako imefika umri wa uzee. Wengi hujaribu kuufufua kwa kuukata hadi kwenye sehemu kuukuu za matawi, jambo ambalo kwa kawaida huumaliza kabisa. Upogoaji unaofaa ni mwepesi, mara tu maua yanapokwisha, kuanzia ungali mchanga. Mbolea ya naitrojeni hauihitaji, kwani bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi yake huitengeneza kutoka hewani. Ukiona uvimbe wa kahawia matawini, ni kuvu. Kata tawi hilo na uliondoe bustanini. Ushauri wangu ni kupanda mche mwingine kando yake sasa, kabla ule mkongwe haujaanguka.

Niupande nje ya Australia?

La. Afrika Kusini ulitoka mashambani ukavamia uoto wa asili, hata mwaka 1987 ikabidi waletwe nyigu wadogo kutoka Australia wanaotaga mayai kwenye vichipukizi vya maua, ambavyo hugeuka vinundu badala ya kuzaa mbegu.